Taa ya Chumba cha Sekela

Mama Sekela,

Ukirudi kisimani usinitafute. Nimempeleka maksai mwekundu mnadani Ihanda, kisha nitapanda gari kwenda Tunduma kununua sola. Maharage yako jikoni, yaongeze maji. Ndama bado hajanywa.

Asubuhi niliwasha kibatari kwenye nyumba mpya nitafute kamba. Sekela akaja kunisalimia, akasimama mlangoni, akakataa kuingia. Nikamwita. Akaushika ule mkono wake ulioungua pamoja na nyumba ya zamani, akauliza, "Baba, na hii itaungua lini?"

Mama, nilikizima kibatari, mafuta yote nikayamwaga shimoni. Usiazime mengine kwa mtu.

Jana ulisema nangoja fedha za kahawa ninunue sola kubwa ya kuwashia televisheni, ili majirani wanione. Nilikujibu vibaya. Ulisema kweli, na ndiyo maana iliniuma.

~~Nitanunua ile kubwa kwa mkop~~

Nitanunua ile ndogo uliyoichagua wewe: paneli moja, betri na taa tatu. Najua maksai mmoja halimi peke yake. Msimu huu tutashika jembe la mkono, mimi nitatangulia shambani.

Nitalala Tunduma. Leo mtoto alale kwa bibi yake, usimlazimishe. Mwambie tu kwamba taa ya kwanza itafungwa chumbani kwake, na swichi ataibonyeza yeye kabla yetu sote.

Baba Sekela