Siku Aliyoomba Uji

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu pamoja na za magoti yangu, maana siku hizi magoti ndiyo yanayoamka kabla yangu. U hali gani wewe? Shemeji hajambo na kifua chake? Kuku wako bado wanataga kwenye viatu vya watu? Mimi nipo, napumua, na ukinikuta barabarani utasema huyu bibi mzima kabisa. Anayeniandikia ni karani, yule jirani yangu wa mlango wa pili aliyestaafu, mwenye masikio makubwa. Anasema nisimtaje masikio. Nimemwambia andika ninavyosema, usinipambie, mdogo wangu akiona maneno ya ofisini atadhani nimekufa na serikali ndiyo inayomletea taarifa.

Umepiga simu mara nyingi nami nikakujibu hatujambo, hatujambo, kama kasuku. Si kwamba nilikuwa nakuficha kwa ubaya. Nyumba yetu unaijua, ukuta ni kama karatasi, na ninayetaka kukueleza habari zake amelala upande wa pili anasikia hata nikijikuna. Ndiyo maana nimekuja kukaa kibarazani kwa karani, nimeletewa kiti na chai, nikasema leo nitatapika yote.

Habari ni ya Kitinda, mwanangu wa mwisho. Mwaka jana aliona uvimbe kwenye titi la kushoto. Nilikwenda naye hospitali mwenyewe. Daktari, binti mdogo tu mwenye miwani, akatueleza kwa upole kwamba ni saratani, lakini tumewahi. Wakilitoa titi mapema na kumpa dawa ana nafasi nzuri ya kuzeeka na kuwa mbishi kama mama yake. Mimi nikacheka. Kitinda hakucheka. Aliuliza tu kama nywele zitanyonyoka. Daktari akasema ndiyo, halafu zitaota tena. Sasa yule ni msusi, mdogo wangu. Kula yake yote inatoka kwenye vichwa vya watu. Nikamwona amefunga uso kama duka lenye msiba.

Aliporudi saluni, mteja mmoja akamwonyesha kwenye simu mwanamke fulani. Mwanamke huyo anasema eti naye alikuwa na uvimbe kama huo huo, akakikataa kisu, akaacha kila kitu kilichoguswa na moto na kila kitu kilichotoka kwa mnyama, nyama, maziwa, mayai, hata asali ya watu, akala mabichi tu, na uvimbe ukayeyuka kama samli juani. Na ngozi yake kweli inang'aa, sitamsingizia, inang'aa kama sahani iliyooshwa na mkwe mpya. Mimi nikampa jina la Bibi Mbichi. Kitinda alikuwa anamwita mwalimu.

Basi mwalimu akahamia kwetu. Namaanisha sauti yake, asubuhi simu, jioni simu. Moto unaua chakula. Anayekula kilichopikwa anakula maiti. Mwanangu akaja kuniambia hayo mimi, mimi niliyepikia shule ya bweni tangu nywele zangu nyeusi mpaka zikawa unga, niliyekoroga masufuria ambayo ukianguka ndani wanakutafuta kwa mwiko! Nikamwambia kama ni maiti, basi nimelisha watoto maiti miaka yote ile, na wengine leo ni mahakimu, na mmoja nadhani ndiye alikuwa anakuchoma sindano wewe ulipolazwa. Karani anasema nisitoke nje ya habari. Karani, chai yako imekwisha moto, kanywe nyingine.

Nikubali kitu kimoja. Yale matunda aliyoanza kununua yalikuwa mageni kwangu na nilikuwa napenda kuyatazama. Lilikuja moja dogo la kahawia lina manyoya, kama panya aliyenyolewa na mtu mwenye haraka, ndani kijani kibichi. Likaja jingine lina pembe, ukilikata kila kipande kinatoka nyota. Likaja moja jekundu lina magamba kama mnyama, nikaogopa kulishika, tukalipasua tukakuta ndani jeupe limemwagiwa kitu kama ufuta. Nikauliza lina ladha gani. Kitinda akasema onja. Nikaonja. Halina ladha, mdogo wangu. Ni maji yaliyovaa nguo za harusi. Lakini hilo ndilo alilolipenda kuliko yote, kwa sababu mwalimu alisema ndilo lililomponya, na bei yake ilikuwa ya kumkaba mtu.

Halafu akaniomba tusiwashe moto ndani ya nyumba. Harufu ya vitunguu vya kukaanga ilikuwa inamtia majaribuni. Nikabisha, nikalia, nikataja jina la marehemu baba yake, haikusaidia. Mwisho nikabeba jiko langu nikalipeleka kwa mke wa karani. Nikajaribu kula naye. Nimetafuna kabichi kama mbuzi wa kukodi, na meno yangu unayajua, yamebaki ya kuonyeshana tu. Tumbo likawa linaongea mbele za wageni. Nikaanza kuja hapa kwa karani kula kwa wizi, na nikirudi nanawa mpaka viwiko. Kitinda ananinusa begani kama mke anayemshuku mumewe, ananiambia, "Mama, leo ilikuwa maharage." Tunacheka. Ndiyo, tulikuwa tunacheka, usidhani ilikuwa kilio tu.

Na nikwambie alivyokuwa asubuhi. Kabla jua halijatoka vizuri yuko bombani anaosha matunda yake, anaimba. Anayakata, anayapanga kwenye sinia duara duara, mekundu, ya kijani, meupe, kama anamsuka bibi harusi. Anapiga picha anampelekea mwalimu na wenzake walio kwenye kundi lake la simu, wagonjwa kama yeye. Mwalimu akimjibu kwa kidole gumba tu, basi mwanangu anakwenda saluni anatembea kama amepandishwa cheo. Mimi nyuma yake nanung'unika. Nilimlaani yule mwanamke, mdogo wangu. Nilisema ulimi wake ukauke.

Uvimbe haukuyeyuka. Nilikuwa namsugua mgongo, niliona. Ulikua, ukavuta ngozi, kisha ukaja mwingine kwapani. Nikimwambia turudi kwa daktari, ananiambia mwalimu amesema sumu ikitoka mwili huvimba kwanza. Akakonda mpaka pete ikamtoka kidoleni ikaingia kwenye maji ya kuoshea nywele. Mumewe habari zake unazijua, tangu aondoke hajarudi hata kuchukua viatu, kwa hiyo alikuwa ananisikiliza mimi au Bibi Mbichi, na mimi sing'ai ngozi.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi, sikusikia bomba. Nikaingia nikamkuta amekaa kitandani, mikono magotini. Akaniangalia akasema:

"Mama, nipikie uji."

Mdogo wangu, nilidhani nitaruka. Nikamuuliza uji wa moto? Akasema ndiyo, wa moto, wenye sukari. Nilikimbia kwa karani bila viatu kuchukua jiko langu. Huyu hapa shahidi, nilimpita mlangoni sikumsalimu. Nikasema Mungu amesikia, mwanangu amerudiwa na akili, sasa atakula, atapata nguvu, tutarudi kwa daktari mwenye miwani. Na unajua kosa langu, mkono wangu haujui kupika kidogo, umezoea shule. Nikapika uji wa kulisha bweni. Nikaweka maharage, nikaweka viazi, nikakaanga vitunguu vile vile vilivyokuwa haramu. Nikaita mke wa karani, nikaita wasusi wenzake, nikaita na watu waliokuwa wanapita zao njiani. Watu wamekula wamelamba vidole. Nikapiga vigelegele, mimi mwenyewe, peke yangu, kwenye uwanja wangu. Yeye tukamtolea mkeka, akakaa ameshika kikombe, anamtabasamia kila anayemsogelea.

Watu walipotawanyika nikakuta kikombe kimejaa. Uji umeganda ngozi juu. Nikamuuliza mbona hukunywa, umeungua ulimi? Nikamtania, nikasema au Bibi Mbichi anakuchungulia. Akasema taratibu, kama mtu anayeniambia mvua imekatika:

"Mwalimu amekufa, mama. Ni saratani ile ile. Walikuwa wanatuficha."

Dada wa yule mwanamke ndiye aliyetangaza kwenye kundi. Zile picha za kung'aa zilikuwa za zamani. Mwenyewe alikuwa kitandani muda mrefu, hawezi hata kugeuka, na mtu mwingine ndiye aliyekuwa anawajibu wagonjwa kwa vidole gumba. Kitinda alikuwa amejua wiki nzima kabla ya siku hiyo. Alikuwa anaosha matunda hivyo hivyo, anayapanga, hana wa kumpelekea picha. Mpaka siku hiyo asubuhi akachoka. Nikamuuliza, sasa uji uliutakia nini? Akasema, "Nilitaka nikuone unapika."

Kwa hiyo nilipiga vigelegele vya nini, niambie wewe. Mtoto ameweka chini kamba ya mwisho aliyokuwa ameishika, nami nikaalika watu waje wale.

Tulikwenda hospitali. Karani alitupeleka, Mungu amlipe, na masikio yake amzidishie. Daktari yule yule. Hakutugombeza, na bora angetugombeza. Alipima, akatoka nje na mimi, akaniambia imeshaingia kwenye mifupa na kwenye ini. Kisu hakina kazi tena. Akanipa dawa za maumivu, akanieleza namna ya kumpa, akasema nimpikie kile anachopenda. Mfa maji haachi kutapatapa, nikamuuliza na wale wa hospitali kubwa wenye mashine je? Akanishika bega tu. Maji yamezidi unga, mdogo wangu, na hakuna unga mwingine.

Tangu hapo mwanangu amegeukia ukuta. Saluni amewaachia wenzake, mikasi yake amegawa. Nikipika anakula vijiko viwili kunifurahisha, hana ubishi tena, na mimi ubishi wake ndio niliokuwa naujua. Nikimwuliza kitu anasema sawa mama. Kila kitu sawa mama. Simu yake imezima, hataki ichajiwe.

Sasa nikwambie jambo nililolifanya, na karani ameacha kuandika ananitazama. Andika. Juzi nilikwenda sokoni na magoti haya, nikayatafuta yale matunda, nikapata lile la manyoya na la nyota. Nikarudi nikayakata mwenyewe kwa kisu changu cha vitunguu, nikayapanga kwenye sinia vibaya vibaya. Nikakaa kitandani kwake, nikamwambia nimekutana na mama mmoja sokoni, alikuwa na uvimbe mkubwa kuliko wake, madaktari walimkatia tamaa, amekula mabichi na leo anabeba magunia. Nikamtungia na wajukuu mama huyo. Mimi! Niliyemlaani Bibi Mbichi nikawa Bibi Mbichi. Ningeweza ningemfukua nimkalishe kwenye simu aongee. Nikamwambia, jiko nitalirudisha kwa jirani leo hii, nitakula kabichi na wewe mpaka meno yaishe, ila wewe amka tu uoshe hili tunda. Akanipapasa mkono kama mimi ndiye mtoto, akasema, "Wewe kudanganya hujui, mama. Nipe uji." Nikampa. Vijiko viwili.

Kwa hiyo nakuomba uje wewe. Jirani yako, yule wa shamba la chini, uliniambia analima yale ya magamba anayauza hotelini. Hapa kwetu hayapatikani tena. Mchukulie mawili, matatu, yaliyoiva. Ukiingia usimwulize hali wala usilie mlangoni, na usije ukamtajia ile methali ya asiyesikia la mkuu. Mimi nilishamtajia zamani, na guu lililovunjika ni langu. Wewe kaa, pasua tunda, kula mbele yake, sema umeacha vya moto na mgongo wako umenyooka. Wewe tangu utotoni ulikuwa unadanganya vizuri, baba alikuwa ananichapa mimi kwa makosa yako. Mdanganye Kitinda. Anampenda mama mdogo wake, labda kwako ataamini hata kwa nusu siku.

Wala usiniambie kwamba tunda halitamsaidia. Nimekuwa mpishi maisha yangu yote, najua chakula kinaweza nini na kinashindwa nini. Simtafutii dawa. Namtafutia kitu cha kubishana nami asubuhi.

Msalimie sana shemeji, mwambie anywe maji ya uvuguvugu na aache kukaa kwenye upepo. Watoto wako wote wasalimie, na yule mkubwa mwambie nimesikia habari za uchumba, nimefurahi, ila furaha yenyewe nitaileta baadaye, sasa hivi sinayo mkononi. Karani na mkewe wanakusalimu. Anauliza tufunge barua kwa maneno gani. Nimemwambia aandike njoo. Ameandika. Nimemwambia aandike tena.

Njoo.

Ni mimi dada yako,
Mama Sufuria