Nilipompeleka Kabanga Mke wa Yeremia

Jumapili, Novemba 1973

Mvua imenyesha tangu alfajiri na ukungu bado umelala mabondeni. Leo kanisa limejaa kuliko Jumapili zote za mwezi huu. Nimerudi nyumbani, nimefunga mlango wa chumba. Mke wangu anadhani nasali.

Sisali. Naandika.

Yeremia alifika kwetu mwaka jana akikimbia Burundi, ana shati moja na mke wake, Dorotea. Nilimgawia sehemu ya shamba langu. Nilimfundisha kusoma Kiswahili kwa Injili ya Marko, kisha nikamfanya msaidizi wangu kanisani. Nilimpenda kama mdogo wangu.

Mwezi uliopita nilikwenda Kibondo kwa majuma mawili kuwahubiria wakimbizi wapya. Niliporudi, hakuna aliyeitikia salamu yangu. Yeremia alikuwa amewaambia waumini, wengi wao wakimbizi kama yeye, kwamba nimepeleka majina yao serikalini ili warudishwe kwao wakauawe. Nadhani alitaka uchungaji. Na watu walioona ndugu zao wakichinjwa hawangoji ushahidi. Maharage ya mke wangu yaling'olewa yote, yakiwa na maua.

Sikujitetea. Niliendelea kufagia kanisa kila Jumamosi, na Jumapili nikahubiria mabenchi matupu na mke wangu. Nilijiambia kwamba kiongozi ni mtumishi, na mtumishi hapiganii jina lake. Maneno mazuri. Moyoni nilimchukia Yeremia asubuhi na jioni, kama mtu anavyokunywa dawa.

Alhamisi alikuja mlangoni kwangu. Dorotea alikuwa na uchungu tangu jana yake, mtoto amekaa vibaya, na mkunga ameshindwa. Mwenye baiskeli kijijini ni mimi peke yangu. Niliitoa nje. Tulimkalisha Dorotea nyuma, mimi nikashika usukani, Yeremia akamshikilia mkewe, tukaishika njia ya hospitali ya Kabanga.

Tulipomaliza kupanda mlima wa mwisho nikasimama. Nikasema nimechoka, tumlaze mama kwenye nyasi kidogo.

Sikuwa nimechoka.

Nilikaa juu ya jiwe, nikavua kiatu, nikakung'uta kokoto ambalo halikuwemo. Dorotea alikuwa akiguna kama mnyama aliyefungwa.

“Mchungaji, twende,” Yeremia alisema. “Huyu anakufa.”

“Nimechoka, Yeremia.” Nikavaa kiatu polepole, nikavua cha pili.

Akapiga magoti kwenye tope. Hicho ndicho nilichokuwa nakisubiri mwezi mzima. Nilikitazama kichwa chake kilichoinama, nikaona raha. Naliandika neno hilo kwa sababu ndilo lenyewe.

Ndipo nikainuka.

Hospitali walimpokea mbio. Dorotea amenusurika. Mtoto, wa kiume, alitoka hana pumzi. Muuguzi aliniambia kwa upole kwamba tulipofika, moyo wake ulikuwa bado unasikika, kwa mbali. Tulimzika Ijumaa, na sala ya maziko niliiongoza mimi.

Leo Yeremia amesimama mbele ya watu wote akakiri kwamba yale ya majina aliyatunga. Kisha akaninyooshea mkono. “Nilimchafua mtu huyu,” akasema, “naye akanibebea mke wangu. Mtumishi wa Mungu ni huyu.”

Watu walilia. Wazee walinikumbatia mmoja mmoja. Nami nikainua mikono, nikawabariki.

Dorotea bado yuko kitandani Kabanga. Pale kwenye nyasi alikuwa macho, na uso wake ulikuwa umenielekea mimi. Sijui kama alielewa. Sijui kama naogopa kwamba atasema au kwamba atanyamaza.

Ningeweza kuliacha jambo hili. Kanisa limepona, na mimi nimerudishiwa jina langu, zuri kuliko lilivyokuwa.

Lakini kesho Yeremia atapita hapa kuazima baiskeli aende kumwona mkewe. Nitamkalisha chini nimwambie habari ya ule mlima. Akinichukia tena, safari hii atakuwa na sababu.