Mwanaume Asiyeitika

Phelister, shangazi Rosalba amenipiga kofi. La uso! Sikio bado linavuma.

Ni ule wimbo wetu tu. "Nakuita huitiki, nakugusa hugeuki." Nilikuwa namenya matoke huku naimba. Akaniuliza kama najua maana yake. Nikamwambia ni dada anang'ang'ania mwanaume asiyemjali, kama wewe, Phelister, na Owino wako.

Paa! Kisu kikaniruka mkononi.

"Asiyemjali? Huyo ni Ochan, mume wangu!"

Mimi nilijua tu alikuwa askari, akafa enzi za utawala wa jeshi. Kumbe ni askari wenzake waliomponda kwa marungu kambini, wakamtupa mlangoni kwa shangazi hapa Kawempe, kichwa kimepasuka. Halafu wakasimama na bunduki. "Ukipiga yowe, tunakulaza kando yake."

Na kwetu Waacholi, maiti asiyepigiwa yowe ni kama mbwa. Sasa angefanya nini? Akamkumbatia, damu mpaka kifuani, akamwimbia kama mpenzi aliyenuna. Kwa Kiswahili, lugha yao ya jeshini, ili wasikie wenyewe kuwa si kilio.

Wakacheka, Phelister. Mmoja akampigia makofi!

Jirani mpiga gitaa alisikia yote. Baadaye akayatia maneno yale kwenye santuri.

Hugeuki! Na sisi tulivyokuwa tukiucheza kwenye harusi!

Usinipigie simu, tafadhali, andika tu. Wimbo huo ndio mlio wa simu yangu, bado sijajua jinsi ya kuutoa, na shangazi ameketi hapa ubavuni mwangu.