Mikono Iliyoota Juu ya Jiwe la Papa Saidi

Goma, Majengo

Kwako mdogo wangu Masika,

Nakusalimu kwa mikono miwili, ingawa mmoja unawasha. Utajua kwa nini. Muzee wetu anaendeleaje na kile kifua? Samaki wanapatikana? Sisi tuko wazima. Lava ya volkano ilisimama mbali na Majengo, kisha waasi wakaingia, na bado nyumba yangu ina mabati yake yote. Si unanijua.

Najua kuna habari imefika huko kwenu Vitshumbi mbele ya barua hii. Wenye malori wamesema binti yangu Neema amekutwa akifanya uchawi nyumbani kwa tajiri. Ndiyo sababu naandika, na dereva nimemwambia akupe mkononi.

Unakumbuka Neema alimaliza biolojia, wa kwanza katika ukoo wote, hata upande wa mume wako. Papa Saidi, mfanyabiashara wa soko la Birere, alimchukua amtunzie samaki wa baharini katika sanduku la kioo, kubwa kama kitanda, pale salon wanapopokea wageni. Ndani kuna mawe yaliyotoka baharini kwa ndege, yamefungwa katika magazeti yaliyolowa. Wanayaita mawe hai, kwa sababu vidudu vya bahari vinaishi katika matundu yake. Ukiyaona utadhani ni lava yetu, lakini ukiyaosha kwa maji ya ziwa yanakufa. Goma nzima, anayejua hayo ni mutoto wangu.

Basi Papa Saidi akasafiri, njia zikafungwa, akabaki huko. Ndipo juu ya jiwe moja kikaota kitu: kishina cha rangi ya chai, na kichwani vidole vyembamba vingi vinavyofunguka na kujifunga. Samaki aliyelala karibu nacho akafa. Mama Zaina, mke wa Papa Saidi, akamwuliza Neema ni nini. Neema akajibu hajui bado. Ni jibu la mutu aliyesoma, lakini wakati wa vita watu hawapendi kulisikia.

Nikaenda mwenyewe. Nikawaambia wote pale kwamba mimi nimezaliwa Vitshumbi, hakuna kitu cha majini kinachonishinda. Neema alitaka kunizuia, nikamwambia mutoto hamfundishi mama yake kukwangua. Nikachukua kisu nikakwangua lile jiwe kama mgongo wa tilapia, likabaki safi. Mama Zaina akanipa chai.

Masika, kile kitu kilirudi na ndugu zake. Kila mahali kisu kilipopita, vimikono vidogo. Sasa Mama Zaina hakuuliza tena. Alisema Neema amepanda dawa ili Papa Saidi asirudi. Mlinzi akalitoa neno barabarani, na nilipofika nikakuta vijana wamejaa langoni, mmoja ana tairi. Unajua tairi hapa ni la kazi gani.

Neema hakulia. Alikuwa amekipa kitu kile kipande cha samaki sambaza, kikakishika na kukimeza, akajua ni mnyama, si mmea. Asubuhi ile alikwenda Birere karibu na mpaka, ambako reso ya simu ya Rwanda inashika, akatuma picha kwa mwenzake wa shule anayefuga samaki wa baharini Mombasa. Jibu likaja. Akawasomea watu wote pale: ni anemoni, mnyama wa baharini, alikuja amejificha ndani ya jiwe. Anauma samaki. Ukimkata, kila kipande kinakuwa mwingine.

"Hayo ni maneno ya telefone," Mama Zaina akasema. "Kama si dawa, ingiza mkono."

Neema akaanza kukunja nguo. Nikamsukuma pembeni. "Mwenye kukwangua ni mimi," nikasema. "Kama ni uchawi, uanze na mimi."

Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikavishika vile vidole. Vikawasha kama upupu. Watu wote wakanitazama kama nitaanguka. Nikakaa hivyo hivyo mpaka wakachoka kungoja, kisha nikamwuliza Mama Zaina kama leo chai haipo.

Mlinzi ndiye aliyecheka kwanza. Neema akaomba ndimu na sindano, kwa kuwa yule mwenzake alisema maji ya ndimu yanawaua. Mama Zaina akaenda jikoni mwenyewe akarudi na ndimu zimekatwa. Wakawachoma wale anemoni sindano pamoja, mmoja baada ya mwingine. Wale wa langoni walipoona hakuna cha kuona, wakaondoka na tairi lao.

Jana Mama Zaina ametuma mutu kumwita Neema haraka. Kuna kingine kimeota nyuma ya jiwe, na anasema hakigusi mpaka mwenye kujua afike.

Nisalimie muzee, na shemeji mshona nyavu, na shangazi anayekausha samaki, na mke wa yule mwenye lori, yeye hasa. Barua hii usiifiche. Isome kwa sauti kule ufukoni, wanawake wakiwa wanakwangua samaki na hawawezi kuondoka. Ukifika pale ninapoingiza mkono, soma polepole.

Dada yako mkubwa,
Mama Neema