Kamba ya Kupimia Usukani

Shoga uko wapi? Pokea simu basi!

Nimerudi sasa hivi kutoka kwa Zabroni, fundi pikipiki wa Newala mjini.

Si unajua Baba Erasto kabadilisha usukani wa pikipiki yetu? Kaweka uliopinda kuja nyuma, eti mgongo unamuuma. Mgongo! Mume wangu mrefu vile, sasa akiendesha viwiko vinamtoka pembeni kama kuku anayekausha mabawa. Nikasema huu usukani si wake.

Nikamfuata fundi. Ananijibu, "Mama, mzee alileta kamba. Akasema usukani usogee mpaka mtu mwenye mkono huu aushike bila kujinyoosha."

Mtu mwenye mkono huu!!

Kamba yenyewe bado kaitundika kwenye msumari. Mwanzo nikacheka, nikadhani mtu huyo ni mimi, labda anataka kunifundisha kuendesha. Nikaipima kuanzia begani. Haikufika hata kwenye saa yangu. Na wateja wote wananitazama!

Nikaichukua. Hapa nyumbani nimeipima kwa futi yangu ya kushonea. Inchi kumi na tisa na nusu. Nani ana mkono mfupi hivyo?

Ngoja, nafungua daftari la vipimo vya sare za kwaya yetu.

Nimeuona. Kwaya nzima ya Makote, mkono wa inchi kumi na tisa na nusu ni mmoja tu, wako wewe Severina.

Tiki zimekuwa za bluu. Kumbe unasoma.

Usitoke. Nakuja na kamba.