Mume Wangu Ameufua Mkanda wa Bibi

Dada Restuta, shikamoo. Natuma barua hii kwa simu ili iwahi gazeti la Alhamisi, maana nimekwama, na mtu wa kumwambia hapa nyumbani ndiye huyohuyo aliyenikwamisha.

Mwezi wa tano nilikwenda Tunduma kununua vitenge, nikamkuta mama mmoja Mzambia amepanga vitu vya zamani juu ya turubai, pasi, redio, na katikati yake kamera ya mkanda, ile nzito ya chuma ya kuvuta kwa kidole gumba, nikaishika mara moja tu yule mama akaniambia, "Mayo, mama, hiyo imeshakuchagua," basi nikarudi nayo Mlowo. Mikanda miwili niliagiza Dar ikaja na basi, mmoja nikaupachika mwenyewe kwa kuangalia video, mwingine nikauacha kwenye mkoba wa kamera uwe wa akiba, halafu nikaenda Isongole kwa bibi yangu mzaa mama, Bibi Ikupa.

Bibi huyu hataki kupigwa picha kwa simu, anasema picha ya simu ni ya mwenye simu, yeye anataka ya kushika. Na ana sababu, kwani zamani akiwa na mimba ya mama yangu mpiga picha mmoja mpita njia aliwapiga yeye na marehemu babu, akavuka kwenda Malawi akisema anarudi na picha, wakamsubiri mpaka babu akafariki. Alipoiona kamera yangu alicheka, akabadilisha kitenge, akakaa na jembe, akakaa bila jembe, akambeba kuku wake, nami nikapiga mpaka kidirisha cha namba kikasoma thelathini na sita na kamera ikagoma kuvuta. Nikamwahidi moja kubwa ya ukutani. Palepale akateremsha kalenda ya kanisa ili msumari ubaki wazi.

Sasa Jumanne iliyofuata nikiwa shambani kwenye kahawa nikampigia simu mume wangu Yesaya, nikamwambia mkanda wa kamera uko tayari, leo usafishwe. Mimi nilimaanisha aupeleke kwenye basi uende Dar kwa wanaosafisha picha. Lakini Yesaya ni msafi kupita kiasi, hata raba zake anazipiga mswaki. Niliporudi nilikuta mkanda umeanikwa kambani kati ya mashati yake, umebanwa vibanio, unanukia sabuni ya unga, na mwenyewe amenisubiri mlangoni kwa furaha. Akasema, "Niliuvuta ule ulimi wake uliochomoza, ukatoka wote. Ulikuwa na utelezi, nimeusugua mpaka umetakata."

Dada, nililia, nikacheka, nikalia tena, na wiki ya pili sasa namjibu kwa mkato. Kamera nimeifungia kabatini ilivyo, kidirisha bado kinasoma thelathini na sita kama kinanizomea, na Jumamosi fundi redio Kefa anakuja kuifungua achukue vioo vya ndani, maana siitaki tena. Binamu yangu alimpiga Bibi picha kwa simu siku ile ya Isongole, kwa mbali, kwa kuibia. Je, niichapishe hiyo nimdanganye kuwa ndiyo yenyewe, au nimwambie ukweli kwamba hata safari hii picha haiji? Kila jioni anapiga simu kuuliza.

Tumpe, Mlowo

Tumpe mdogo wangu, marahaba. Kabla hujamaliza kunisoma, mpigie Kefa umwambie Jumamosi abaki kwake. Na wewe mlango wa hiyo kamera usiuguse.

Nilikaa miaka kumi na moja kwenye chumba cha giza, studio ya kaka yangu pale Vwawa, nikisafisha picha za harusi za nusu ya Mbozi, kwa hiyo barua yako nimeirudia mara mbili. Umesema Yesaya aliuvuta ulimi uliochomoza. Ulimi uliochomoza ni wa mkanda mpya, ambao haujapachikwa. Umesema kidirisha bado kinasoma thelathini na sita. Kamera za aina hiyo ukifungua mlango namba inarudi mwanzo, maana yake haijafunguliwa. Na ule mkanda wa akiba umenitajia mwenyewe, kisha ukausahau kwa kilio. Jamani Tumpe, mtu anayesafisha mkanda kwa sabuni angejua wapi kufungua kamera? Alifungua mkoba, akakuta mkanda, akaufua. Bibi Ikupa yumo kabatini mwako, yeye na jembe lake na kuku wake.

Sasa nikugombeze. Ulisema usafishwe, akausafisha. Hiyo ni lugha yetu watu wa picha, yeye amekua picha ziko kwenye simu, angeijulia wapi? Na wewe mwenyewe hukujua kwamba mkanda hurudishwa ndani ya kikopo chake kabla ya kutolewa, mwanga usije ukauunguza, kwa hiyo usijifanye fundi. Mwanaume anayefua alichoambiwa bila kunung'unika unamnunia wiki mbili! Mpikie anachokipenda, umwombe radhi.

Kisha fanya hivi. Chini ya kamera kuna kitufe kidogo, kibonyeze. Juu upande wa kushoto kuna kimkono cha kukunjua, kizungushe polepole kufuata mshale. Utasikia kizito, halafu ghafla kitakuwa chepesi. Hapo ndipo ufungue. Mkanda utie kwenye kikasha chake, juu uandike kwa maandishi makubwa: ZITOLEWE PICHA, USIFULIWE. Yesaya aupeleke kwenye basi kwa mkono wake mwenyewe. Sikuapii kwamba zote zitatoka, wewe bado mwanafunzi, ila kule kugoma kuvuta kunaniambia mkanda ulikuwa unatembea kweli.

Ile picha ya kuibia achana nayo. Bibi anakumbuka alivyokaa siku ile, utaumbuka. Akipiga leo jioni msimulie yote, sabuni, kamba, vibanio, na umpe Yesaya simu aombe msamaha mwenyewe, wacheke. Halafu kabla Bibi hajakata, mwambie kalenda isirudi ukutani.