Maji ya Msuli

Jumanne, 4 Aprili 1933
Imetoka! Nilikamua msuli wa sungura, nikatia glukosi kwenye maji yake, kisha sumu kidogo ya floridi. Safari ya sukari ikakatika katikati, na kilichokwama pale nimekipata – chembe nyeupe, ncha ya kijiko. Miaka sita! Sasa twajua seli ikishaipasua glukosi, vipande hupitia wapi kabla ya kuwa asidi, na nguvu hutokea wapi. Profesa Haberkorn kanipa mkono. Makala itakuwa yetu sote wawili, kasema.

Jumatatu, 10 Aprili
Sheria ilitoka Ijumaa. Wayahudi nje ya kazi za serikali. Profesa anasema mikono yake imefungwa. Na makala? Jina langu, Oppler, litaikwamisha, ati. Litawekwa la Trautwein, mwanachama wa chama tawala, katoka kiwanda cha rangi, ndiye anayerithi meza yangu. Nimerudisha koti na funguo. Mama kaandaa Pasaka yetu ya Kiyahudi.

Alhamisi, 27 Aprili
Nimekutana sokoni na Bi Zierl, muosha vyombo wa maabara. "Huyo bwana mpya anayasafisha mno yale maji ya msuli, Bi Selma. Anayaweka kwenye mfuko wa utando, mfuko kwenye maji ya bomba kutwa nzima, uchafu uchujike. Hataki uchafu. Sukari inabaki vile vile."
Nimecheka njia nzima. Huo uchafu ndio unaofanya kazi. Ukiuondoa, maji ya msuli hayagusi sukari. Dawa yake: chemsha maji mengine ya msuli, chuja, rudishia matone machache. Tuliojua hilo tumetimuliwa wote watatu. Profesa hajakamua msuli tangu vita.

Jumamosi, 29 Aprili
Profesa yuko sebuleni. Kaja na maua. Anakunywa kahawa ya Mama.
Jaribio langu wameshindwa kulirudia. Jumatatu atalazimika kuwaandikia wahariri kwamba matokeo yale yalikuwa kosa langu.
"Mistari miwili tu ya namna ulivyofanya, Selma. Kwa ajili ya sayansi."
Miaka sita kwake nilikuwa Bi Oppler, leo ni Selma. Nikamuuliza jina langu litakuwa wapi. Akatazama kikombe.
Nikasema naenda kutafuta karatasi. Karatasi ninayo. Nimeandika "Chemsha", basi. Nikimaliza, kazi yangu ni ya Trautwein. Nikiacha, chembe zangu ni uongo. Namchukia kwa kunifanya nichague.
Mama yuko mlangoni. "Profesa anauliza, karatasi imepatikana?"